Timu Iliyokatazwa Kutolewa

Lombeya ni nchi ya amani sana. Anayetaka kuhakikisha na amuulize Mlombeya yeyote barabarani: atatazama kushoto, atatazama kulia, kisha atamjibu kwamba ni nchi ya amani sana. Mambo yaliyotokea huko mwaka ule wa Kombe la Mabara yamesimuliwa vibaya na watu wasioitakia mema, kwa hiyo tuyasimulie upya kwa nia njema, tukianzia kwa Sefania Malole, mtangazaji wa mpira wa Redio ya Taifa, maana ndiye yaliyemkuta.

Sefania alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye kifua kipana na sauti iliyowafanya wasikilizaji waone nyasi. Hakujaliwa mtoto. Alikuwa na dada yake mdogo, Tamali, mjane aliyeshona sare za shule nyumbani kwake, na Tamali alikuwa na mtoto mmoja, Yoeli, na huyo Yoeli ndiye aliyekuwa kipa wa timu ya taifa. Basi kila Lombeya ilipocheza, mjomba alitangaza, mpwa alidaka, na mama aliondoa mguu kwenye cherehani akasogeza kiti karibu na redio.

Mwaka ule ulikuwa pia mwaka wa uchaguzi. Baba Mkuu wa Taifa, aliyekuwa ametawala muda mrefu kiasi kwamba watoto walidhani hilo ndilo jina alilopewa na mamaye, aliona si haki kuwasumbua wananchi kwa mambo mawili kwa mpigo. Bunge likapitisha, kwa kauli moja na makofi ya kusimama, Sheria ya Utulivu wa Wachezaji. Sheria ilisema kwamba muda wote timu ya taifa itakapokuwa mashindanoni, hapatakuwa na uchaguzi, mgomo, maandamano wala kesi dhidi ya serikali, ili wachezaji wasibabaike. Hata wapinzani waliinua mikono. Walikuwa wamepiga hesabu yao kimya kimya: tangu nchi ipate uhuru, timu haijawahi kuvuka hatua ya makundi. Uchaguzi ungechelewa kidogo tu, mpaka vijana warudi na mabegi yao.

Na vijana walianza vizuri kurudi. Walifungwa tatu bila na Korvenia. Walifungwa mbili kwa moja na Visiwa vya Mirazo. Sefania aliyatangaza yote hayo akiwa studio, akitazama runinga, kwa sababu kiti chake kwenye ndege kilikuwa kimekaliwa na shemeji wa waziri fulani aliyekwenda kama mshauri wa hali ya hewa. Halafu mechi ya tatu, jambo lisilotarajiwa: Hezroni Mbata, mshambuliaji mwembamba asiye na maneno mengi, alijitupa kwenye krosi na kuifunga Tandoa bao moja kwa bila.

Kesho yake asubuhi gari la serikali lilikuja kumchukua Sefania.

*

Baraza la Mawaziri lilikuwa limekaa tangu alfajiri. Waziri wa Michezo na Furaha ya Umma, Mheshimiwa Bukombola, mtu mnene mwenye leso ya hariri ambayo hakuiacha itulie, alimwonyesha Sefania mahali pa kusimama.

"Mtangazaji, tueleze kwa lugha nyepesi. Tumevuka au hatujavuka?"

"Bado haijulikani, Mheshimiwa."

"Haijulikani na nani?"

"Na mtu yeyote."

Mawaziri wote waligeuka kumtazama Mkuu wa Usalama, naye akainamisha kichwa kwa aibu.

Sefania akaeleza. Makundi ni sita, kila kundi timu nne. Ukishinda unapata pointi tatu, ukitoka sare unapata moja, ukifungwa hupati kitu. Mwishoni, wawili wa juu wa kila kundi wanakwenda hatua ya mtoano.

"Sisi ni wa ngapi?"

"Wa tatu, Mheshimiwa. Lakini hata wa tatu wana nafasi. Wapo sita, mmoja kila kundi, na wanne wenye matokeo mazuri kuliko wenzao nao wanavuka. Wanaitwa washindwa bora."

Waziri wa Sheria alikohoa, akasema kwamba kikatiba Baba Mkuu hawezi kuongoza taifa la washindwa, hata wawe bora namna gani. Ikakubaliwa kwamba kuanzia dakika ile wataitwa washindi wa subira.

"Tuna pointi ngapi?" aliuliza Bukombola.

"Tatu. Pointi zikilingana inatazamwa tofauti ya magoli, uliyofunga ukitoa uliyofungwa. Sisi tumefunga mawili, tumefungwa matano. Hapo ndipo tulipo na tatizo."

Waziri wa Fedha akauliza kama haiwezekani kuazima magoli ya timu ya taifa ya wanawake, ambayo mwaka ule ilikuwa imefunga mengi na serikali haikuwa na mpango nayo. Sefania alisema haiwezekani. Waziri wa Fedha akaandika mahali kwamba sheria za mpira zinambagua mwanamke.

"Kwa hiyo nani anaamua?"

"Makundi mengine yameshamaliza. Imebaki mechi moja leo alasiri, Sivoni na Halmeria. Sivoni wana pointi mbili. Wakifungwa, wanabaki na mbili zao, sisi na tatu zetu tunavuka. Wakitoka sare wanapata ya tatu, na kwa magoli wametuzidi. Hapo wanavuka wao, sisi tunarudi nyumbani."

Bukombola alikunja leso yake taratibu. "Yaani hatima ya taifa huru imo miguuni mwa Wahalmeria?"

"Na Wasivoni, Mheshimiwa."

"Huo ni ukoloni," alisema Bukombola, na Baraza likapiga meza.

*

Ilipofika saa sita mchana, Halmeria ilikuwa rafiki wa kale wa Lombeya. Barabara ya Uhuru ilibadilishwa jina. Mafundi cherehani wote wa mji, Tamali akiwemo, waliletewa vitambaa vya njano na kuambiwa washone bendera za Halmeria, ingawa hakuna aliyekuwa na hakika mistari inalala au inasimama, kwa hiyo walishona za namna zote mbili. Balozi wa Halmeria hakuwepo. Mhalmeria pekee aliyepatikana nchini alikuwa mzee mmoja mtengenezaji wa vinanda vya kanisani. Alichomolewa ndani ya kinanda, akavishwa shada la maua na kuketishwa jukwaani kando ya Baba Mkuu, akiwa bado na bisibisi mkononi.

Uwanja wa Taifa ulijaa watu waliokuja kusikiliza mechi ya ughaibuni kwenye vipaza sauti vya redio. Mechi ilipokuwa ukingoni, Halmeria ikiongoza bao moja kwa bila, Baba Mkuu hakuweza kujizuia. Alisimama, akainua mikono yote miwili, akasema neno moja:

"Tumevuka!"

Ukelele wake ulisikika mpaka studio. Sefania alikuwa hewani wakati huo, macho kwenye runinga. Dakika za nyongeza. Sivoni walipata kona. Beki wao mrefu kuliko wote alipanda, akapiga kichwa, mpira ukagonga mwamba na kuingia ndani.

"Goli," alisema Sefania. "Sivoni wamesawazisha, ndugu wasikilizaji, na sisi ndio..."

Akaona taa nyekundu imezimika. Upande wa pili wa kioo, Dorika, fundi mitambo aliyefanya naye kazi miaka mingi, alikuwa ameshika simu sikioni na mkono mwingine umefunika mdomo. Redio ilikuwa inapiga muziki wa bendi ya jeshi.

Baadaye kidogo Mheshimiwa Bukombola aliingia studio bila hodi, akavuta kiti.

"Sefania, Baba Mkuu amesema nini pale uwanjani?"

"Amesema tumevuka, Mheshimiwa."

"Na Baba Mkuu husema uongo?"

Sefania alimtazama Dorika. Dorika alitazama sakafu.

"Hasemi, Mheshimiwa."

"Basi mambo ni rahisi. Kule wamemaliza mechi yao walivyotaka wao. Sisi huku hatulazimiki kumaliza kama wao. Wewe una sauti, nchi ina redio. Jumamosi tunacheza na Brenko."

*

Siku hiyo hiyo, kwa bahati mbaya, mtambo wa televisheni uliharibika, na mtandao nao ukaenda kwenye matengenezo. Ilibaki redio tu. Jumamosi alasiri Sefania aliketi mbele ya kipaza sauti akitazama ukuta uliopakwa rangi ya maziwa, akatangaza mechi ambayo haikuwepo. Matokeo aliletewa asubuhi kwa simu: tunashinda moja bila, mbili si vibaya. Sauti za mashabiki Dorika alizitoa kwenye sherehe ya kuzaliwa kwa Baba Mkuu, kwa hiyo kila palipopigwa kona, msikilizaji makini aliweza kusikia nyuma yake umati ukisema "Adumu!"

Mwanzoni ulimi wa Sefania ulikuwa mzito kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Lakini mpira ni mpira, hata wa hewani. Ilipofika nusu ya pili alikuwa amesimama, jasho linamtoka, na mpwa wake Yoeli alikuwa anaruka kama paka, anapangua mikwaju ambayo hakuna kipa duniani angeipangua. Mungu amsamehe, mechi ile aliitangaza vizuri kuliko zote alizowahi kutangaza.

Walombeya walishangilia. Walitoka barabarani na masufuria na vifuniko vyake, wakashangilia kwa bidii ya watu wanaotazamwa. Sijui ni wangapi waliamini. Kinyozi mmoja, jirani yake Tamali, alisema kibandani kwake kwamba binamu yake anayeishi ughaibuni ameiona timu yetu stendi ya mabasi, imekalia mabegi. Kesho yake kibanda kilikuwa kimefungwa, na majirani walieleza, bila kuulizwa, kwamba kinyozi amekwenda likizo.

Sefania alipopita kwa dada yake jioni ile, Tamali alikuwa anakata kola za mashati.

"Kaka, mbona Yoeli hapigi simu?"

"Wamekatazwa simu. Watulie."

"Anakula lakini?"

"Mchezaji wa taifa asile?"

Tamali aliweka mkasi chini. Alimtengea chakula, akakaa akimtazama anavyokila, naye Sefania akajikuta anatafuna haraka haraka ili aondoke.

*

Yoeli alipiga. Alimpigia mjomba wake ofisini, kwa simu aliyoazimwa na mfagizi, na sauti yake ilikuwa imekwaruza kwa mafua.

"Mjomba, tuko hosteli ya chuo cha mafundi bomba. Wanafunzi wamefunga shule, sisi tumewekwa humu. Baridi hii siwezi kukueleza. Pasi zetu za kusafiria anazo mkuu wa msafara, na yeye amehamia hoteli. Tunakula uji. Mjomba, ni kweli kesho tunacheza robo fainali?"

Sefania alifunga mlango wa ofisi kwa mguu.

"Ni kweli."

"Na nani?"

"Na Korvenia."

"Tunawafunga?"

"Mbili kwa moja."

Yoeli alicheka, kicheko kifupi kilichokatishwa na kikohozi. "Wale wale waliotupiga tatu. Nani anafunga?"

"Hezroni."

Yoeli alikohoa tena, akashusha sauti.

"Hezroni hali chakula, mjomba. Baba yake amefariki. Ameomba kurudi kuzika, wamemkatalia. Wanasema mchezaji aliye robo fainali hawezi kuonekana msibani. Juzi alitoka usiku kwa miguu kwenda uwanja wa ndege, tukamfuata tukamrudisha, maana hakuwa na koti. Mjomba, wewe unaongea na wakubwa. Waambie hatutasema chochote. Waturudishe tu."

Sefania alimwambia atasema. Na kweli alimpigia Mheshimiwa Bukombola, akamweleza habari ya msiba. Bukombola alisikitika sana. Alisikitika mpaka akapata wazo: Hezroni afunge bao la pili, apige magoti, anyooshe kidole mbinguni, alitoe kwa marehemu baba yake. Taifa lingelia pamoja naye.

Na taifa lililia. Sefania alilitangaza bao hilo kwa sauti iliyokatika mahali pasipopangwa, na watu wakasema ama huyu bwana anajua kazi.

Siku ya tatu ya matanga alikwenda msibani. Hakutumwa na mtu. Alimkuta mama yake Hezroni ameketi mkekani katikati ya wanawake wenzake, kitambaa cheupe kichwani. Waliponong'ona kwamba huyu ndiye Sefania wa redio, yule mama alinyoosha mikono yote miwili, akaishika ya Sefania, hakuiachia.

"Wewe ndiye uliyekuwa unamwona mwanangu," alisema. "Niambie. Alipofunga, alilia?"

Wanawake wote waligeuka kumtazama.

"Alilia, mama."

"Sana?"

"Sana."

"Wenzake walimkumbatia?"

"Wote, mama. Mpaka walio benchi walikuja."

Yule mama alitikisa kichwa taratibu, machozi yanamdondoka kidevuni. "Afadhali. Nilikuwa nikiwaza mwanangu yuko peke yake."

Sefania aliaga. Alipofika nyuma ya nyumba, palipokuwa na masufuria ya msiba, alishika ukuta akatapika.

*

Nusu fainali ilishindwa na Sangoa, yaani Sangoa ndiyo iliyoshindwa. Na Sefania akaanza kupumua. Ilikuwa imebaki fainali. Wakishinda au wakifungwa, baada ya fainali hakuna mechi nyingine popote duniani, na vijana hawana budi kurudi. Alikwenda wizarani mwenyewe kuuliza fainali ni lini.

Mheshimiwa Bukombola alimtazama kwa huruma.

"Fainali? Nani kakwambia baada ya nusu fainali inakuja fainali?"

"Ndivyo ilivyo, Mheshimiwa."

"Ndivyo ilivyo kwa watu wenye haraka. Sisi tumelipeleka suala hili kwa wataalamu. Baada ya nusu kuna nini? Kuna nusu ya nusu. Na baada ya hiyo?"

"Nusu yake," alisema Sefania.

"Umeona! Profesa wetu wa hesabu amethibitisha kwamba nusu hazikomi. Unagawa, unagawa, daima kuna kitu kinabaki. Tutakuwa tunaikaribia fainali kila Jumamosi, kwa heshima, bila kuifikia. Profesa amepewa nyumba."

"Na uchaguzi?"

"Sheria ni sheria. Timu iko mashindanoni."

"Na vijana, Mheshimiwa? Watarudi lini?"

Bukombola alijipangusa shingo. "Sefania, ndugu yangu, sasa hivi wale vijana ni mashujaa. Wakirudi watakuwa watu tu, wenye mafua. Unawatakia mabaya ya nini?"

Sefania alitembea kwa miguu kutoka wizarani. Alijua la kufanya; alilijua tangu kule nyuma ya nyumba ya msiba. Timu haina njia ya kurudi ila itolewe, na hakuna mwenye uwezo wa kuitoa ila yeye. Kilichomsumbua ni nani afanye kosa. Walombeya ni wapole, lakini mchezaji aliyeiponza nchi humpokea kwao kwa mawe. Aliwapitia mmoja mmoja kichwani. Beki wa kati ana mke na kichanga. Winga wa kulia analea wadogo zake. Hezroni hata hakumfikiria. Kila mmoja alikuwa na mlango kwao, na nyuma ya mlango mtu. Alizunguka na hesabu hiyo mpaka miguu yake ikamfikisha kwa Tamali.

Tamali alikuwa anashona. Sefania alikaa kwenye kigoda, hakuvua kofia.

"Tamali, Yoeli akifungwa goli la kijinga, goli la aibu, utavumilia?"

Mguu wa Tamali uliendelea kukanyaga mpaka mshono ukaisha. Alikata uzi kwa meno.

"Atarudi?"

"Atarudi."

"Basi afungwe."

Sefania alianza kumweleza mengine. Dada yake alimwangalia kwa jicho ambalo hakuwa ameliona tangu walipokuwa wadogo.

"Kaka, mimi ni mshonaji, si mjinga. Nilijua tangu ile ya Brenko. Lakini ningeacha kusikiliza, ningelisikia wapi jina la mwanangu?"

*

Jumamosi ile Mheshimiwa Bukombola alikuja studio kushuhudia mwenyewe nusu ya nusu fainali. Alikaa upande wa Dorika, nyuma ya kioo, na glasi ya juisi ya ukwaju. Agizo lilikuwa mbili bila.

Sefania alianza kama kawaida. Aliwapanga vijana uwanjani, akataja namba zao, akawasifu. Kipindi cha kwanza kiliisha bila bao, na Bukombola akamwonyesha dole gumba: vizuri, warushe roho. Kipindi cha pili kilisonga. Zilipobaki dakika chache, Bukombola aligonga kioo na kuinua vidole viwili.

Sefania aliinamia kipaza sauti.

"Wapinzani wana mpira katikati ya uwanja. Ndugu wasikilizaji, wamechoka, hawana haraka. Namba sita anaangalia pa kutoa pasi, haoni. Anapiga tu. Shuti dhaifu, la mbali, linabingirika chini kwa chini. Yoeli ameliona. Anainama kulichukua. Hakuna mtu karibu yake. Mpira unakuja taratibu, unafika mikononi mwake..."

Akanyamaza. Kwa pumzi moja nchi nzima ilinyamaza naye.

"Umepita. Umepita kati ya miguu yake. Goli."

Glasi ya Bukombola ilianguka. Alikuwa anapiga kelele ambazo kioo kilizimeza, akimwonyesha Dorika swichi. Dorika aliinua mkono. Aliushusha taratibu kwenye ile mitambo yake, akazima kanda ya mashabiki, akaiacha sauti ya Sefania peke yake hewani.

"Na mwamuzi anapuliza kipyenga cha mwisho," alisema Sefania. "Tumetolewa. Vijana wamelala chini, wamefunika nyuso. Ndugu zangu Walombeya, wamejitahidi, wamechoka, ni watoto wetu. Sasa warudi nyumbani."

*

Makosa hayo yangerekebishwa kirahisi. Waziri wa Sheria alikuwa ameshaandaa tamko kwamba goli limefutwa. Tatizo lilitoka pasipotarajiwa. Baba Mkuu alikutwa kwenye kiti chake Ikulu, bendera ndogo mkononi, redio mbele yake, analia kwa kwikwi kama mtoto. Alikuwa amesikiliza mechi zote. Alikuwa na mchezaji anayempenda kuliko wote. Mawaziri walitazamana pale mlangoni, kila mmoja akingoja mwenzake aingie kumwambia mzee kwamba hapakuwa na mechi, na kwa kuwa hakuna aliyeingia, goli likabaki.

Timu ililetwa kwa ndege ya mizigo. Mtu wa kwanza kushuka alikuwa Hezroni, akaenda moja kwa moja kwenye kaburi la baba yake na mabegi yake mkononi. Wapinzani walikumbusha kwamba timu haiko tena mashindanoni, na Bunge likawajibu siku hiyo hiyo, kwa makofi ya kusimama, kwa kupitisha Sheria ya Maombolezo ya Kitaifa, ambayo inakataza uchaguzi mpaka wananchi watakapokuwa wamepoa. Kamati ya kupima kupoa kwao bado inafanya kazi. Dorika alihamishiwa kituo cha mpakani, kusoma hali ya hewa kwa lugha asiyoijua.

Sefania alishtakiwa kwa kosa la kuifungisha timu ya taifa. Kesi ilikwenda haraka. Hakimu, ambaye alipenda mpira, alitaka kumsaidia. Akamuuliza kama lile goli halikuwa la kuotea, maana kama mfungaji alikuwa ameotea, goli hakuna, na kosa hakuna. Mahakama nzima iliinama kusikiliza.

"Halikuwa la kuotea, mheshimiwa hakimu," alisema Sefania.

Alisema hivyo kwa sababu ndivyo alivyoliona.

Yoeli alikuja gerezani siku ya kwanza aliyoruhusiwa. Alikuwa amekonda, na mafua hayajamtoka. Walikaa benchi moja, askari amesimama karibu.

"Mama hajambo," alisema Yoeli. "Watu walivunja madirisha, na bati moja limetoboka. Sasa wamechoka. Sare anaendelea kushona, ila wateja wanatuma watu wengine kuzichukua."

"Na wewe?"

"Mimi nipo." Alisugua viganja kwenye suruali. "Nikipita mtaani watoto wanainama, wanatanua miguu, wanacheka. Si wabaya, ni watoto."

Sefania alinyoosha mkono, akamrekebishia kola ya shati.

"Mjomba, lile goli lilikuwaje hasa? Kila mtu ananisimulia, na kila mtu analisimulia kivyake."

Sefania akamweleza. Shuti la mbali. Dhaifu. Chini kwa chini, katikati ya lango, hakuna mtu wa kumzuia kuona. Yoeli alisikiliza kwa makini, mikono yake imeinuka kidogo yenyewe mbele ya kifua, vidole vimefunguka.

"Ningelidaka," alisema.

"Najua."

"Lile, mjomba, hata ningekuwa na homa, ningelidaka."

"Najua, mwanangu."

Askari alisema muda umekwisha. Alipokuwa anafungua mlango, macho yake yaliteleza chini, kwenye miguu ya Yoeli, na pembe ya mdomo wake ikacheza. Yoeli aliona. Alisimama akiwa ameibana miguu pamoja, kama alivyozoea kusimama tangu arudi, akamshika mjomba wake bega, akatoka.